Leza imulike ukuta, si watu: namna ya kulenga darubini Kitui na Makueni

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya mwalimu mmoja wa fizikia mbele ya walimu walezi wa vilabu vya sayansi, wazazi na mafundi kutoka Kitui na Makueni. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.)

Nimeombwa niseme juu ya darubini na tochi ya leza, na nitasema, lakini nitaanza na ile pete ya chuma.

Mnakumbuka tarehe 30 Desemba 2024. Alasiri hiyo pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, hapa Makueni. Kipenyo chake kilikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuja, likaichukua, likaeleza kwamba ni kipande cha roketi, ile sehemu inayoachana na roketi ikishafika juu. Tangu siku hiyo maswali kuhusu anga hayajaisha. Wanafunzi wanauliza, wazee wanauliza sokoni, hata mama anayeniuzia maembe ananiuliza kama kingine kitaanguka. Mimi nimefundisha fizikia miaka mingi na sijawahi kuona hamu ya namna hiyo. Ndiyo maana vilabu kadhaa vimeanza kutafuta darubini, nyingine za msaada, nyingine za kununua kwa michango ya wazazi.

Ni jambo jema. Ila ndani yake kuna hatari ambayo sijaisikia ikitajwa, na mimi mwenyewe niliijua kwa kukosea.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Dunia inazunguka, kwa hiyo anga yote huonekana ikihama kutoka mashariki kwenda magharibi, digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4. Mwezi una upana wa nusu digrii tu. Ndani ya dakika 2 umeshahama upana wake mzima. Kwa macho matupu huoni haraka hiyo. Ukiweka darubini inayokuza mara 100 utaiona, tena itakuudhi, kwa sababu kwa lenzi za kawaida unaona kama nusu digrii ya anga peke yake. Mshtarii ukiuweka katikati, baada ya dakika moja umetoka pembeni.

Sasa fikiria foleni ya wanafunzi 60. Wa kwanza anaona. Wa pili anaona. Wa tatu anasema, "Mwalimu, sioni kitu." Unakwenda unarekebisha, unamwita tena, wa nne anaona nusu. Ikifika saa tatu usiku nusu ya darasa wamelala kwenye nyasi na wengine wameambiwa na wenzao kwamba sayari ni doa jeusi. Nimewahi kuona mtoto akisema ameona ili asionekane mjinga. Hilo liliniumiza kuliko kazi yote ya kurekebisha.

Dawa yake inajulikana. Kuna stendi ambayo kichwa chake kina mhimili mmoja unaolazwa sambamba na mhimili wa dunia. Mota ndogo inauzungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kinyume cha mzunguko wa dunia, na nyota inabaki pale pale. Foleni nzima inaona. Sharti ni moja: mhimili huo uelekee ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote huonekana zikiizunguka. Kuuelekeza huko ndiko ninakokuita kulenga mhimili.

Walioandika vitabu vya maelezo vya stendi hizi wengi wanakaa kaskazini, Ulaya na Marekani. Kwao ncha ya anga ina nyota yake, Polaris, na iko juu kabisa. Mtu wa London anaiona kwenye mwinuko wa digrii 51 na nusu. Wengine huko hufanya hivi: mhimili wa stendi una tundu katikati, wanaingiza tochi ya leza ya kijani ndani ya tundu, mwale unatoka kama uzi wa mwanga hadi juu, wanasukuma stendi kushoto na kulia mpaka uzi uguse Polaris. Kazi ya dakika tano. Wakisimama mita 100 mbele ya stendi hiyo, mwale uko juu ya vichwa vyao kwa zaidi ya mita 120. Unapita juu ya paa na miti. Kwa ndege bado ni hatari, nitalisema baadaye, lakini majirani wamesalimika.

Sisi tuko wapi? Mji wa Kitui uko digrii 1 na dakika 22 kusini mwa ikweta. Wote iko digrii 1 na dakika 47. Ncha ya anga ya kusini huwa juu ya upeo kwa kiasi hicho hicho cha digrii, basi. Polaris kwetu iko chini ya ardhi. Upande wa kusini kuna nyota hafifu karibu na ncha, Sigma Octantis, ila kwetu inazama katika vumbi na moshi wa upeo. Mimi sijawahi kuiona nikiwa hapa na sidhani kama nitaiona. Kwa hiyo mhimili wetu unalala karibu sawa na ardhi, na mtu akiweka leza ndani ya tundu lake, mwale haupandi mbinguni. Unakwenda mbele moja kwa moja, kama taa ya gari.

Nitawapa hesabu, nanyi walimu mnaweza kuirudia darasani. Mhimili uko mita 1.2 juu ya ardhi. Uko Kitui mjini, uwanja ni tambarare. Mwale ukifika mita 10 umepanda sentimita 24, uko kwenye mita 1.44. Hayo ni macho ya mwanafunzi wa sekondari ya msingi. Mita 20 mbele uko kwenye mita 1.68, macho ya mtu mzima. Mita 100 mbele bado haujafika mita 4. Na viwanja vyetu si tambarare. Ardhi ikipanda kidogo upande wa kusini, mwale unakwenda na vifua na nyuso za watu hadi utakapogonga kilima.

Mimi nililijua hili vipi? Miaka kadhaa iliyopita nilifuata maelezo ya kitabu neno kwa neno. Tulikuwa uwanja wa shule, jua limezama, wanafunzi wako nyuma yangu, nikaona niko salama kwa sababu mbele hakuna mtu. Nikawasha leza ya kijani. Kusini mwa uwanja kulikuwa na mteremko wa barabara ambao mchana sikuutilia maanani. Bodaboda alikuwa anashuka na mama amebeba mtoto. Niliona taa ya pikipiki ikiyumba, ikaenda kando, ikasimama. Nilizima nikakimbia. Kijana yule alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara na viganja vimefunika macho. Alisema kila akifumbua anaona doa la kijani katikati. Tulikaa naye karibu saa nzima mpaka likaisha, na kesho yake nilimpeleka akapimwe, alikuwa mzima. Mama alinitazama tu, hakusema neno. Angeanguka na mtoto yule, mimi leo nisingekuwa na uso wa kusimama mbele yenu.

Hilo doa alilokuwa akiliona ni jambo la kueleweka. Mwanga wa leza haukutawanyika kama wa tochi ya kawaida. Lenzi ya jicho inaukusanya wote katika nukta moja nyuma ya jicho, mahali penye ngozi laini inayopokea picha. Ukiwa dhaifu, jicho linafumba lenyewe kwa robo ya sekunde na hakuna kinachoharibika. Ukiwa mkali, robo ya sekunde imeshatosha kuunguza. Na sehemu hiyo haina maumivu. Mtoto anaweza kuungua na asilie, akaja kugundua baadaye kwamba maandishi ya ubaoni yana tundu katikati.

Leza nyekundu ndogo, zile za kuonyeshea maandishi ukutani, zikiwa za daraja la 2 nguvu yake haizidi miliwati 1. Hizo ndizo ninazozikubali. Za kijani zinazouzwa mitaani na kwenye maduka ya vitu vya elektroniki ni habari nyingine. Kibandiko kinaweza kusema miliwati 5 na ndani mna mara nyingi zaidi. Tena jinsi zinavyotengenezwa, kijani hicho kinazalishwa kutokana na mwanga mwingine usioonekana, na leza ya bei ya chini ikikosa kichujio, ule usioonekana unatoka pia pamoja na kijani. Jicho haliuoni, kwa hiyo halifumbi. Mzazi aliyemnunulia mtoto leza ya kijani ya kuchezea na paka, tafadhali akaitoe betri leo.

Baada ya kisa kile niliiacha leza kwa mwaka mzima. Nilijaribu dira. Dira kwetu haidanganyi sana, tofauti yake na kusini halisi kwa sehemu zetu ni chini ya digrii 2, lakini ukisimama karibu na paa la mabati, gari, au stendi yenyewe yenye chuma, sindano inakwenda inakotaka. Na wenzetu wa upande wa Ikutha wana mawe yenye madini ya chuma chini ya miguu yao. Dira ya simu ndiyo kabisa; niliizungusha mara tatu ikanipa kusini tatu.

Aliyenitoa hapo alikuwa fundi mwashi. Alikuwa anajenga ukuta wa darasa, ananitazama nikihangaika na stendi, akauliza ninatafuta nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, wewe unataka kujua chuma hiki kinaelekea wapi. Mimi huo mwanga ningeumulika ukutani nikapima." Hakuwa anajua lolote kuhusu ncha ya anga. Lakini alikuwa amesema njia yote.

Kwa sababu fikirini: mtu wa London hawezi kujenga ukuta wa kufikia ncha yake ya anga. Iko juu mno. Sisi ncha yetu iko kimo cha ukuta. Tunaweza kuichora kwa chaki. Kile kilichokuwa balaa, yaani mwale kulala chini, ndicho kinachotupa nafasi ya kufanya kazi kwa usahihi kuliko wao, bila hata kuhitaji nyota, tena kabla giza halijaingia.

Inafanyika hivi. Chagueni ukuta wa darasa au wa stoo unaotazama kaskazini, na mbele yake pawe wazi mita 10. Ukuta usiwe na dirisha la kioo mahali mtakapomulika, wala bati jipya linalong'aa, kwa sababu mwale ukirudi ni mwale ule ule. Kama ukuta hakuna, simikeni ubao mpana na kuufunika kwa karatasi ya manila, lakini nyuma ya ubao pawe na kitu kizito cha kuzuia: kichaka, tuta, gunia za mchanga. Mtu mmoja awe mlinzi wa kuangalia asipite mtu kati ya stendi na ukuta. Nasema mtu mmoja, jina lake lijulikane, si "watu waangalie".

Kusini halisi tunakipata kwa kivuli. Simika fimbo iliyonyooka, ipime kwa timazi. Asubuhi, tuseme saa tatu na nusu, weka alama kwenye ncha ya kivuli. Funga uzi kwenye fimbo, uvute hadi alama ile, zungusha, upate duara. Kivuli kitafupika mpaka adhuhuri, kisha kitarefuka tena upande wa pili. Kikigusa duara tena, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi. Uugawe katikati, uunganishe na fimbo, huo ni kaskazini na kusini. Adhuhuri ya jua kwetu, kama mnataka kujua, haiangukii saa sita kamili. Saa ya Kenya inafuata mstari ulio mashariki zaidi yetu, kwa hiyo jua huwa juu kabisa kama saa sita na dakika 28, likisogea mbele au nyuma kwa robo saa kulingana na majira. Na karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba jua la Kitui linapita utosini, fimbo haina kivuli cha adhuhuri. Usihangaike, alama za asubuhi na alasiri bado zinafanya kazi vizuri.

Urefusheni mstari huo kwa uzi wa fundi mpaka ukutani, na kutoka pale uzi unapogusa ukuta, pandisheni mstari wa wima kwa timazi. Sasa mna kusini ukutani. Kilichobaki ni kimo.

Hapa ndipo mpira wa maji wa fundi unapoingia, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Ncha moja ishikwe kwenye mhimili wa stendi, nyingine ukutani, maji yakitulia yanakuonyesha kimo kile kile hata kama uwanja una mteremko. Msipime kutoka chini, ardhi yetu haijanyooka popote. Weka alama ya kimo hicho kwenye mstari wa wima, kisha panda juu kwa kiasi cha latitudo yako. Katika umbali wa mita 10, kila digrii ni sentimita 17 na nusu. Mwingi watapanda sentimita 16. Kitui mjini 24. Wote 31. Kibwezi 42, na Mtito Andei 47. Piga msalaba wa chaki hapo. Huo msalaba ndio ncha ya anga ya kusini ya shule yenu.

Sasa leza. Nyekundu, dhaifu. Izungushie karatasi ikae ndani ya tundu la mhimili, au ifunge kwa mpira juu ya sehemu inayozunguka pamoja na mhimili. Mtasema, lakini mwalimu, haitakaa sawasawa kabisa na mhimili. Ni kweli, haitakaa, na haijalishi. Uwashe, uone nukta ukutani, uweke alama. Zungusha mhimili robo, weka alama. Robo nyingine, alama. Robo ya mwisho, alama. Nukta nne zinaandika duara, na katikati ya duara ndiko mhimili unakoelekea, hata leza iwe imepinda. Hili wanafunzi wanalipenda kuliko sehemu nyingine zote, nami pia. Duara likiwa kubwa mno, nyoosha leza kidogo. Kisha sukuma stendi, pandisha au shusha kichwa chake, mpaka katikati ya duara iangukie msalaba. Kaza skrubu. Zima leza, toa betri, weka kwenye sanduku.

Fanyeni kazi hii jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, mwanga umepungua lakini bado mnaona nyuso za watu. Jua likiwaka nukta nyekundu haionekani, na giza likiingia hamwoni anayepita.

Usahihi wake? Mkikosea sentimita 17 nzima ukutani, mmekosea digrii 1. Kosa hilo linahamisha sayari, kwa saa nzima, kama robo digrii, nusu ya upana wa mwezi. Yaani hata kwa kosa kubwa hivyo mtagusa darubini mara moja au mbili usiku mzima. Na hakuna fundi hapa anayekosea sentimita 17. Nikimwambia hivyo yule wangu atanicheka.

Yapo mambo machache ya stendi yenyewe. Nyingi za dukani hazishuki hadi digrii 1 au 2; kipimo kinaishia 15 au 20, kwa sababu waliotengeneza hawakutufikiria. Watu hurefusha mguu mmoja ili kichwa kiiname, na nimeona darubini ikipinduka kwa hilo. Bora fundi wa mbao akate kabari ya kuweka chini ya kichwa, au mwashi ajenge nguzo fupi ya mawe yenye mwinamo unaotakiwa. Nguzo ina faida nyingine: mkishalenga mara moja, mkatoboa mashimo ya skrubu, hamtahitaji leza tena. Kila mkirudi, mnafunga tu. Angalieni pia chuma cha uzani kisigonge mguu wa stendi darubini inapozunguka, kwetu huwa kinapita karibu sana. Na mota nyingi zina swichi ya kaskazini na kusini. Ikiwekwa kaskazini, sayari itakimbia kwa kasi mara mbili, na mtalaumu ukuta bure.

Shule isiyo na pesa za stendi isikate tamaa. Mbao mbili na bawaba ya mlango zinatosha kubeba kamera ndogo au simu. Bawaba ndiyo mhimili. Skrubu ya milimita 6, ile ambayo ikizungushwa mara moja inasonga milimita 1, ikiwekwa sentimita 22.9 kutoka kwenye bawaba na kuzungushwa kwa mkono mara moja kila dakika, inafuata nyota. Leza inafungwa kwenye ubao unaofunguka, na ukuta unafanya kazi ile ile, ingawa hapo mtapata kipande cha duara tu na itabidi mtafute katikati yake kwa bikari.

Usiku mkitaka kuhakikisha, tafuteni zile nyota tatu zilizopangana za Orioni. Zinachomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, na zikifika juu, ya katikati inapita karibu na utosi wa mtu wa Kitui, na ya upande wa kusini karibu na utosi wa mtu wa Wote. Nyota iliyo juu kabisa ikisogea kuelekea kaskazini au kusini ndani ya darubini, mhimili umekosea kushoto au kulia. Nyota iliyo chini mashariki au magharibi ikifanya hivyo, kosa ni la kimo. Mwezi wa Mei, kama saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini nao husimama wima upande wa kusini, na ukishusha timazi kutoka hapo utaona kama mstari wenu unakubaliana nao.

Nilisema nitarudi kwa ndege. Ndege za Nairobi na Mombasa zinapita juu yetu usiku. Leza inayoonekana kama nukta mkononi mwako inapanuka ikienda, na ikigonga kioo cha chumba cha rubani inajaza kioo kizima mwanga. Kwa hiyo ile desturi ya mwalimu kuonyesha nyota kwa leza ya kijani, mimi nimeiacha, ingawa najua wenzangu wengi wanaipenda na wananiona mwoga. Natumia ufito mrefu wa mwanzi. Watoto wanasimama nyuma ya bega langu mmoja mmoja, wanaangalia kwa kufuata ufito. Inachukua muda zaidi. Wamezoea.

Mzee mmoja aliniuliza hapo nje, kabla hatujaingia, kama darubini inaweza kutuonya chuma kingine kikija. Hapana, mzee wangu, hii haiwezi. Vitu hivyo vinafuatiliwa kwa rada na mitambo mikubwa, na vinapita haraka kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kuzungusha darubini. Lakini mtoto aliyeona kwa macho yake miezi minne ya Mshtarii, akarudi baada ya saa mbili akaona mmoja umesogea, ataelewa kwa nini kitu kinaweza kuzunguka juu bila kuanguka, na kwa nini siku moja kinaanguka.

Basi nimemaliza maneno. Fimbo ilisimikwa uwanjani asubuhi na alama ya kwanza iliwekwa saa tatu na nusu, baadhi yenu mliiona mkiingia. Kivuli kitarudi kwenye duara kabla ya saa tisa na nusu. Fundi yuko nje na mpira wake wa maji, ukuta wa stoo umefagiliwa. Nahitaji mtu mmoja wa kuwa mlinzi wa njia. Wewe kijana wa shati la bluu, jina lako nani?